Kabla Ununue Shoki Mpya, Angalia Bushi

Wasee, kuna kaugonjwa kametushika sisi vijana wa kupenda magari makubwa. Tukisikia kelele chini ya gari, akili inaruka moja kwa moja kwa kitu cha bei: shoki mpya, springi mpya, gari iinuliwe juu ipigwe picha. Maoni yangu ni haya: kabla utoe pesa, ingia chini uangalie bushi.

Bushi ni kile kimpira kinachokaa ndani ya pete ya shoki, pale shoki inaposhikana na gari. Kazi yake ni kuzuia chuma isigonge chuma. Jua, mafuta yanayomwagika na miaka vinakiharibu hadi kinapasuka. Hapo shoki inaanza kucheza kwenye pini, na kila tuta unasikia "kong! kong!" Na shoki yenyewe inaweza kuwa bado nzima kabisa.

Anko wangu hapa Migosi ana Land Cruiser ya zamani ya kubebea hema na viti vya matanga. Wikendi nyingi inaenda Seme, Nyakach, ama Ahero, kwenye murram na ule udongo mweusi wa Kano ambao mvua ikinyesha unameza gurudumu. Ilipoanza kulia nyuma, gereji moja ilimpigia hesabu ya shoki nne mpya bila mtu hata kuinama kuangalia. Hiyo pesa ilikuwa karo ya binamu yangu ya muhula huo. Kwa hivyo kwetu hiyo kelele haikuwa stori ya magari tu.

Tukaita fundi wa jua kali wa hapa mtaani, mzee mwenye boksi moja ya spana. Aliniambia, "Kijana yangu, angalia kwanza kama shoki inalia machozi." Maana yake, kama inavuja mafuta. Zilikuwa kavu. Akazitingisha kwa mkono, zikacheza kwenye pini. Akafungua nati, akachomoa moja: mpira ulikuwa umeisha upande mmoja, pete imekuwa kama yai. Kisha akaisukuma na kuivuta hiyo shoki. Ilikataa polepole, sawasawa, kwenda na kurudi. Ingekuwa imekufa, kuna mahali mkono ungepita bure.

Ukijaribu mwenyewe, zuia magurudumu kwa mawe na uweke gari kwenye stendi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki pekee, hata dakika moja. Sugua pini kwa brashi ya waya. Paka bushi mpya maji ya sabuni ndio iteleze, si grisi ya kawaida, kwa sababu grisi hiyo inakula mpira. Badilisha kushoto na kulia pamoja. Na kama bushi yako ina kibomba cha chuma katikati, kaza nati ya mwisho gari ikiwa imekanyaga chini. Ukiikaza gari ikining'inia, mpira unabaki umejikunja na utapasuka mapema.

Utaona pia bushi ngumu za poliyurethani, zile za rangi rangi. Zinavumilia, lakini mtetemo unakufikia zaidi, na zingine hupiga kelele zikikauka. Kwa gari ya kubeba viti, mpira wa kawaida unatosha.

Angalia hata Rhino Charge, inayofanyika Kenya tangu 1989. Ushindi pale ni kufika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, porini. Hakuna pointi za gari kukaa fiti kwa picha. Ukipoteza shoki katikati ya mawe, siku yako imeisha.

Bei ya bushi na bei ya shoki nne ni kama bei ya chapati na bei ya jiko. Anko alinunua chapati, na binamu yuko shule. Fundi akikuambia "nunua mpya," muulize kwa heshima: "Mzee, nionyeshe kilichoharibika." Anayejua kazi yake hatakasirika. Atakuonyesha.