Mwavuli wa Bati

Nyumba ya Shangazi kule Kisauni, Mombasa, ilibomolewa kwa siku mbili, ili pajengwe fleti. Siku ya pili mpwa wake, ambaye sasa naye ni babu, alifika na mjukuu wake wa miaka 12 kuangalia kilichosalia. Mtoto akaokota kwenye kifusi bati lililokunjwa mfano wa mwavuli, lina tundu katikati, kutu imelila pembeni. "Babu, hili ni dishi?"

Mzee alikaa juu ya tofali asijibu mara moja. Mtoto huyu anawajua wachezaji wa Ulaya kwa majina na namba za jezi. Hajui tongo ni ndege gani.

Bati lile lilikuwa kinga ya meza ya ndege: ubao mmoja uliopigiliwa juu ya boriti ya mkoko, nyuma ya jiko. Kila alfajiri, baada ya kuswali, Shangazi alimwaga kibaba cha mtama. Tongo walishuka kundi zima, wadogo kama kidole gumba, vichwa vyeusi na matumbo meupe. Wakafuata mnana wa manjano wakizozana. Tetere walibaki chini wakiokota kilichodondoka.

Adui wa kwanza alikuwa kuchakulo, aliyeparamia boriti na kumaliza mtama kabla jua halijachomoza. Mumewe Shangazi alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini. Kila siku aliona kwenye kamba za meli vile visahani vya bati vinavyozuia panya wasipande. Akakata debe la mafuta, akalikunja, akalivisha boriti kwenye kimo cha kifua, mdomo ukitazama chini. Kuchakulo alipanda, akaingiza kichwa chini ya bati, akazunguka mara mbili, akashuka. Ilibidi pia tawi la mkilifi likatwe, maana aliruka kutoka huko.

Tumbili bati halikumsumbua. Akirukia ubao kutoka paani, akibeba mtama mashavuni, na siku nyingine akiupindua ubao wenyewe. Dawa yake ilitoka kwa mwenye duka la nafaka Mwembe Tayari.

Duka lile mzee analiona hata akifumba macho. Lilikuwa na giza. Magunia ya katani yalisimama wazi, midomo imekunjwa kama kola: mtama mwekundu, mtama mweupe, pojo, kunde. Harufu yake ilikuwa ya katani, vumbi la nafaka na bizari, na ukiingia lazima upige chafya. Mwenye duka alivaa kikoi na fulana, miwani imefungwa uzi sikio moja. Jioni alifagia chenga na punje zilizomwagika, akazipepeta na kuzifunga kwenye karatasi. "Mpelekee shangazi yako, hizi ni za wageni wake," alimwambia mzee, wakati huo mtoto, na hakutoza hata senti. Siku aliposikia habari za tumbili, aliongeza kifurushi cha pilipili ya unga. Changanya na mtama, akasema, ndege haumwi na pilipili.

Alisema kweli. Ukali wa pilipili huwachoma wanyama wanaonyonyesha. Ndege hausikii, na ndiye anayezisambaza mbegu zake. Ndiyo maana mipilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti wanakotua shore. Tumbili alikuja, akatia mkono mdomoni, akaukung'uta, akaenda zake kwa jirani.

Mwaka gani? Mtama ule ulivushwa kwa miguu juu ya daraja la zamani la Nyali, lile la maboya la 1931, kwa hiyo ni kabla ya 1980 lilipofunguliwa la sasa. Inatosha.

Kurabu, yule kunguru wa Kihindi, ndiye aliyemshinda kila mtu kwa muda mrefu. Asili yake ni Bara Hindi, na Mombasa aliingia kupitia bandari mwaka 1947. Hakutosheka na meza; alifuatilia ndege wadogo hadi kwenye viota akala mayai na makinda. Shangazi aliacha kabisa kuweka ukoko wa wali na mabaki ya samaki, vitu anavyovipenda. Kisha akaizungushia meza waya wa banda la kuku: tongo na mnana walipenya, kurabu akabaki nje akidonoa waya kwa hasira.

Shangazi alipofariki, waya ulichakaa na hakuna aliyeubadilisha. Malindi na Watamu kurabu walipunguzwa kwa sumu miaka ya mwanzoni mwa 2000, kazi ikasimama, wakajaa tena. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Na bado taka zinaachwa wazi kila kona, chakula chao cha bure, kana kwamba hakuna anayeziona. Mzee linamkera mno jambo hili.

Bati walilibeba hadi nyumbani Bamburi. Mtoto alimwaga mtama kwenye kibaraza cha ghorofani. Asubuhi walikuja kurabu wawili. Jumamosi wakaenda Kongowea kutafuta waya.

"Kuku wangapi?" muuza vifaa aliuliza akipima.

"Si wa kuku," mtoto akajibu kabla babu yake hajafungua mdomo. "Ni wa tongo. Matundu yasiwe makubwa."