Amekiri, Lakini Rufaa Ipo

Wiki hii nimeona wivu mahakamani. Nilimsindikiza mfanyakazi mwenzangu hapa Leicester; kijana wake alikuwa anasomewa adhabu ya kosa la dawa za kulevya alilolikiri mara tu alipofikishwa mbele ya hakimu. Jaji, wigi kichwani, alipiga hesabu yote kwa sauti, mama mtu anasikia. Kosa lako liko daraja hili. Hili linalizidisha uzito, hili linalipunguza. Ungekana na kesi ikasikilizwa hadi mwisho, ningekupa miaka 3. Umekiri mapema, naondoa theluthi. Miaka 2.

Theluthi ile haitegemei jaji kaamkaje. Iko kwenye mwongozo unaotumika Uingereza na Wales tangu Juni 2017: ukikiri katika hatua ya kwanza, theluthi; ukichelewa, robo; ukingoja hadi siku ya kesi kuanza kusikilizwa, sehemu moja ya kumi.

Kisha wakili akatushukia koridoni, hata machozi ya mama hayajakauka. Mna siku 28 za kuomba ruhusa ya kukata rufaa. Maombi atayasoma jaji mmoja kwenye makaratasi. Haitoshi kusema adhabu ni kali. Lazima ionekane wazi kwamba imepita kiasi, au imekosewa kisheria. Rufaa yenu haiwezi kumwongezea kifungo, ila ikiwa haina msingi, mahakama inaweza kuamuru baadhi ya siku alizokaa ndani akiisubiri zisihesabiwe. Maoni yangu: msikate. Mama alilia tena, lakini alijua kwa nini.

Nikamkumbuka mtoto wa shangazi yangu kule nyumbani Tanzania. Ugomvi wa mpaka wa shamba, panga, mwenzake akajeruhiwa vibaya. Baba mkubwa akamwambia, "Kiri mwanangu, usimsumbue hakimu, atakuhurumia." Akakiri. Miaka 5. Hatukujua ingekuwa mingapi kama angekana, wala kama kukiri kule kulimsaidia chochote. Na ukoo mzima, wenye digrii tukiwemo, tukakubaliana kwamba basi, aliyekiri hana rufaa.

Si kweli! Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamzuia aliyekiri kupinga kutiwa hatiani, lakini inamwachia mlango wa adhabu: ukubwa wake na uhalali wake. Hata huko kwenye hatia kuna upenyo, kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, au alikiri kwa kutoelewa, au maelezo aliyoyakubali hayafanyi kosa. Hayo yamo katika shauri la Laurent Mpinga la 1983, na kila wakili anayejua kazi yake analijua. Majaji wetu wamesema mara nyingi kwamba anayekiri anastahili kupunguziwa. Tatizo ni kwamba hakimu asipotamka amepunguza kiasi gani, mfungwa atashika wapi akitaka kulalamika? Na pale sheria inapoweka kiwango cha chini cha adhabu, kukiri hakumshushi chini ya hapo.

Halafu kuna nakala ya mwenendo wa kesi, inayohitajika kwa rufaa. Tulipogundua kosa letu, shangazi aliifuatilia hadi makarani wakamzoea kwa jina. Njoo Jumatatu. Haijachapwa. Faili liko kwa mheshimiwa. Tangu 2021 lugha ya mahakama zetu kisheria ni Kiswahili, na nimefurahi mno, lakini mwenendo usiochapwa haumsaidii mtu kwa lugha yoyote.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama wako amekiri na amefungwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, usimsikilize anayesema yamekwisha. Notisi ya kusudio la rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu adhabu, na aliye gerezani anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Hati ya rufaa ifike ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala hazihesabiwi, hivyo iombeni kwa maandishi na mtunze barua. Muda ukipita, ombeni kuongezewa mkiwa na sababu ya msingi. Ila muoneni wakili kwanza, kwani Mahakama Kuu yetu, tofauti na mahakama ya rufaa ya huku, ikiisikiliza rufaa ya adhabu inaweza kuipunguza na inaweza pia kuiongeza.