Ndugu Wawili Ndani ya Muhogo

Kwetu Kionga, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, bibi huonja kipande cha muhogo kwa ncha ya ulimi kabla ya kuamua. Mtamu huchemshwa. Mchungu humenywa, hukatwa, huanikwa na kutwangwa unga. Uchungu haumtishi, anachogombana nacho ni haraka.

Chuoni nilijifunza majina ya sumu hiyo: linamarini na lotaustralini. Ni ndugu hasa, kwani lotaustralini imezidi kaboni moja na haidrojeni mbili tu. Ili kuzitenganisha, maji ya muhogo uliosagwa na kuchujwa husukumwa kwa pampu kupitia bomba jembamba la chuma lililojaa chembe za silika zenye tabia ya mafuta. Linamarini hupenda maji zaidi, hivyo hutangulia kutoka. Nduguye hung'ang'ania chembe na kuchelewa. Mashine huchora vilele viwili, cha kwanza kikubwa mno, maana linamarini ni zaidi ya tisa ya kumi. Lakini kilele hakina jina. Hupitishwa linamarini safi, dakika zikalinganishwa. Anayetaka uhakika zaidi hupima uzito wa molekuli, 247 na 261.

Mwenzangu aliuliza: kwa nini kuhangaika, wakati zote hutoa sianidi? Kwa sababu linamarini ikikutwa nzima kwenye unga, haikukutana na kimeng'enya chake, ambacho hukaa pembeni ndani ya muhogo huohuo mpaka upondwe au ulowekwe. Yaani kazi ilikatizwa mapema. Jumla ya sianidi peke yake haikwambii hivyo.

Na hukatizwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 mkoani Nampula walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Waliuita mantakassa, Kongo ni konzo. Vita vikaurudisha huko Mogincual mwaka 1992. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu wa kwetu nao walikimbia, na anayekimbia haaniki muhogo siku nyingi.

Mashine ile haibebeki. Karatasi ya pikrati hubebeka: ni ya njano, hugeuka kahawia sianidi ikiwepo, ingawa haijui ndugu yupi ni yupi. Ikigeuka, unga huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba juani saa mbili, gesi ikatoka, ndipo ugali husongwa.