Kovu Lililofunguka Kidonda



Sisi mafundi wa nguo za maharusi tunaona mengi nyuma ya pazia la kupimia, na makovu ndiyo hasa. La chai ya moto, la uji, la stovu iliyolipuka, na siku hizi la piko iliyochoma ngozi. Bibi harusi ananong'ona, "Dada, mkono uwe mrefu." Tunashona, hatuulizi. Stara ni yetu sote.

Ila mwaka jana alikuja binti mwenye kovu la moto nyuma ya goti, la tangu yuko skuli ya msingi. Siku ya kujaribu gauni tukaona bitana ina doa. Kumbe kovu lilishafunguka, miezi mitano hakifungi, pembeni kimeota kinyama. Somo yake alikuwa akikipaka liwa ili kikauke kabla ya singo. Tulimwambia mama yake waziwazi: gauni lisubiri, mpelekeni hospitali. Harusi ikasogezwa, upande wa bwana wakanung'unika, na wifi mmoja akauliza kama kaka yake anaoa au anauguza. Binti alikatwa kile kidonda, akapandikizwa ngozi ya pajani. Ameolewa, alhamdulillah.

Hatukuwa tukibahatisha. Mteja wetu muuguzi alishatueleza utafiti wa madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012. Waliangalia wagonjwa wao 56 waliopata saratani ya ngozi juu ya makovu na vidonda vya zamani, na wengi mno yalikuwa makovu ya moto. Kwa kawaida ilipita miaka kama 11 tangu kuumia. Hebu pigeni hesabu: mtoto aliyeungua na miaka kumi inamkuta na ishirini na moja, umri wa kuposwa! Lililotuuma zaidi ni kuwa wachache tu ndio waliopandikizwa ngozi pale walipoungua. Waliobaki walipona wenyewe, na ngozi ya namna hiyo huwa nyembamba, inapasuka na kufunga, inapasuka na kufunga.

Msitishike lakini. Makovu mengi hubaki makovu tu. Hata keloidi, lile kovu linalovimba na kuwasha, si saratani. Hospitali hulichoma sindano, maana likikatwa tu bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, na pengine kubwa zaidi. Cha kukimbilia daktari ni kidonda juu ya kovu kinachopita wiki kadhaa hakiponi, kinachotoa damu au harufu, au kilichonyanyuka ukingoni. Hicho hukatwa kipande kidogo kikapimwe. Singo, manjano na mkorogo visikiguse kabisa.

Na aibu ya kujifunua? Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tutafute tiba. Omba daktari wa kike, nenda na mama au dada yako.

Wenye watoto, mtoto akiungua mwagieni maji safi ya kawaida, yapite juu ya jeraha kama dakika 20. Si dawa ya meno, si yai. Na ikiwa ameungua vibaya, hasa kwenye goti, kiwiko au kwapa, muulizeni daktari mapema kama anahitaji kupandikizwa ngozi.