Tabo Mpya, Moshi Uleule

Nilinunua tabo mpya kwa fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ada ya mwanangu. Siku ya tatu, nikipanda Kitonga, gari likakosa nguvu na kutoa moshi mweusi kama mwanzo. Nilirudi gereji na hasira, nikamwita fundi mwizi mbele ya vijana wake. Hakunijibu. Alimwambia kijana akanyage mafuta, akapapasa mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini. Chini ya klipu palikuwa na ufa. Hewa ilivujia hapo, dizeli haikuungua yote.

“Mzee, mpira huu ni wa zamani. Mimi nami sikuutazama.”

Huenda tabo niliyoitupa ilikuwa nzima. Ada nililipa kwa kukopa. Radhi nilimwomba palepale, mbele ya vijana walewale.