Sehemu ya 7: Sindano ya Santuri za Baba

Mama wenzangu, leo chanjo tunaiweka pembeni kidogo. Marehemu baba aliniachia santuri zake za taarab na dansi, na nyingine huzipati tena dukani. Ndiyo maana kwenye mashine ya kuzipigia, mimi nimeanza na katriji, kile kichwa kidogo kinachobeba sindano.

Wodini kichanga hachomwi kwa sindano ya mtu mzima. Santuri nayo ni hivyo hivyo. Mashine nyingi za bei rahisi za mkoba hukandamiza kwa gramu 5 hivi; ile mifereji yenye sauti inalika haraka, na ikishalika haiponi. Nimechagua Audio-Technica AT-VM95E, inayokandamiza kwa gramu 2 tu. Tena sindano yake inachomoka kwa mkono. Mwanangu wa miaka mitatu akiivunja (na ataivunja!), nanunua sindano peke yake, si katriji nzima.

Ila zile santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zinataka sindano yao, nene zaidi. Msiziwekee hii.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji: inakandamiza gramu ngapi, na sindano inabadilishika?