Kidonda Changu Hakikuwa Dhambi

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wafiwa wanaolia usiku, kisha wanaamka asubuhi wakijilaumu kwamba wamepungukiwa imani.

Nimekulia Bukoba, katika nyumba ya walokole. Babu yangu aliokoka katika uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mpaka kutufikia Buhaya. Wazee wale walitufundisha kutembea nuruni: ukikosa, unasimama mbele ya ndugu, unalitaja kosa, unaombewa, kisha unamrudia uliyemkosea. Nimeona mali ya wizi ikirudishwa, na mume na mke waliokuwa hawasemezani wakipatana palepale. Njia hiyo naiheshimu mpaka leo.

Kisha kijana wangu wa kwanza akafa maji Ziwa Victoria.

Usingizi ulinikimbia. Chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Ndugu walikuja, wakakesha nami, Mungu awabariki. Lakini miezi ilipopita nami sijainuka, baadhi yao wakaanza kuniuliza: "Dada, kuna jambo gani hujaliweka nuruni?" Nikajichunguza. Nikaungama kila nilichokikumbuka, hata ugomvi wa utotoni, na usiku uleule hofu ikarudi. Nikaungama tena. Mwisho nikaamini kwamba Mungu amenikataa, nikaona afadhali nimfuate mwanangu.

Aliyenishika mkono ni mama mmoja, muuguzi mstaafu na mzee wa kanisa. Hakuuliza habari za dhambi. Aliuliza, "Mwanangu, jana ulilala? Leo umekula nini?" Kisha akanisomea habari za Eliya chini ya mretemu, nabii mzima aliyeomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, Eliya akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Swali la Mungu lilimngoja Horebu, akiwa amekwisha kupata nguvu. Habari hiyo niliijua tangu shule ya Jumapili, ila utaratibu huo sikuwahi kuuona.

Alinisindikiza hospitali. Daktari akasema ni sonona, akanianzishia dawa. Jioni nilikuwa naenda kukaa kwa yule mama. Alinipa Zaburi ya 88 niisome kwa sauti, ile inayoishia gizani bila neno la faraja, akasema imewekwa katika Biblia ili mtu wa hali yangu naye apate maneno ya kusali. Hapo ndipo nilipomwambia Mungu waziwazi kwamba nimemkasirikia. Nililia mpaka mwili ukalegea. Mama yule hakunikatiza, wala hakunihimiza nishukuru.

Nafuu ilikuja polepole: kwanza usingizi, kisha hamu ya kupika, na baadaye sana kwaya. Dawa niliziacha daktari aliporuhusu. Mwanangu namlilia hadi sasa, ila namlilia mbele za Mungu, wala simkimbii.

Toba ni ya aliyekosa. Mimi nilikuwa nimefiwa. Wachungaji na viongozi wa vikundi vya maombi, nawasihi: akija kwenu mtu aliyevunjika moyo, muulizeni kwanza kama amelala na kama amekula. Akisema anatamani kufa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, mkae naye huko, na maombi yaendelee palepale kando ya kitanda chake.